Shairi Hujibiwa kwa Shairi

Mtu yeyote aliyesoma Kiswahili Tanzania hadi kidato cha nne anaweza kuhakiki kitabu ambacho hajakifungua. Jina la kitabu linasadifu yaliyomo. Msimamo wa mwandishi ni wa kimapinduzi. Falsafa yake ni kwamba jamii haiwezi kusonga mbele bila ukombozi wa kifikra. Kimaudhui amefaulu kwa kiasi kikubwa, na kifani ametumia lugha nyepesi inayoeleweka, iliyopambwa kwa tamathali za semi. Bandika sentensi hizo kwenye diwani yoyote, riwaya yoyote, tamthiliya yoyote, na alama utapata. Katika kusahihisha kwangu sijakutana na mwanafunzi aliyeandika kwamba msimamo wa mwandishi ni wa woga, ingawa waandishi waoga wapo tele na vitabu vya baadhi yao vinatahiniwa.

Siwacheki wanafunzi. Wanajibu wanachoulizwa. Swali linasema fasihi ni kioo cha jamii, thibitisha kwa kutumia diwani mbili ulizosoma, hoja tatu kwa kila diwani. Mtoto mwenye akili zake anajua njia ya mkato ni kumeza hoja ambazo mtu mwingine amekwisha kuzitafuna. Na darasa lenye wanafunzi sabini na nakala nne za diwani, kinachozunguka mikononi ni pamfleti ya uhakiki, maana ndiyo wanayoweza kuimudu.

Ushairi una balaa lake la ziada: una vitu vya kuhesabika. Mishororo minne, kwa hiyo ni tarbia. Mizani 16, nane kwa nane. Vina vya kati na vya mwisho vinabadilika, kibwagizo kipo. Kipindi ni dakika 40. Ukishahesabu hayo yote ubaoni, na nusu ya darasa ikabishana kama "mtu" ni mizani miwili au mmoja, kengele imelia. Hakuna aliyeuliza mshairi alikuwa akimsemesha nani, amekasirishwa na nini, na kama anayoyasema ni kweli.

Nakerwa na jambo hili kwa sababu mila yetu ya ushairi haikuwa hivyo. Shairi la Kiswahili limezoea kujibiwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi 1776 hadi 1840, hakuwa akitunga ili watu watikise vichwa na kusema ni zuri. Alirusha maneno kuelekea Lamu na Pate wakati miji hiyo ilipokuwa ikitunishiana misuli, na kutoka huko maneno yalirudi, kwa vina na kwa mafumbo. Pemba nako Kamange na Sarahani walikuwa na majibizano yao, na watu wakayahifadhi vichwani. Baadaye gazeti la *Mambo Leo* lilipoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, washairi wakapata uwanja mpana zaidi. Mmoja anatoa fumbo toleo hili, mwingine analifumbua toleo lijalo, wa tatu anawaambia wote wawili hawakuelewa kitu. Kurasa za mashairi za magazeti ya *Uhuru* na *Mzalendo* ziliendeleza mchezo uleule. Aliyejibu hakujibu kwa hoja tatu. Alichukua bahari ileile, mara nyingi na vina vilevile, akasema la moyoni mwake.

Hata ule ugomvi maarufu wa miaka ya 1970, wa washairi wa mapokeo na vijana wa chuo kikuu waliotunga bila vina, mimi nauona kama ushahidi wa afya. Watu wazima, wenye kazi na familia, waligombana hadharani, tena kwa ukali, juu ya shairi ni nini. Leo darasani tunafundisha ugomvi ule kama mada yenye vipengele: hoja za wanamapokeo, hoja za wanausasa, hitimisho. Mwanafunzi anaweza kuorodhesha hoja za pande zote mbili bila kujua yeye mwenyewe yuko upande gani, na hakuna anayemuuliza.

Kisha kuna taarabu, ambayo kwangu ndiyo darasa bora kuliko yote. Nenda harusi yoyote ya Tanga au Unguja. Mwimbaji anaimba, wanawake wamekaa wametulia. Ubeti fulani unafika, mama mmoja anainuka na noti yake, anakwenda mbele kwa madaha akicheza taratibu, anamtunza mwimbaji. Lakini macho yake hayapo kwa mwimbaji hata kidogo. Yapo kwa mtu fulani aliyekaa pembeni, na ukumbi mzima umeelewa. Mama yule hakuinuka kwenye ubeti wa kwanza, wala hakuinuka kwa sababu wimbo ni mtamu kwa jumla. Aliungoja mstari wake. Alipoutunza alikuwa amekwisha kusema: huu ni wangu, na yule ndiye anayehusika.

Chuoni tulifundishwa nadharia ya mwitiko wa msomaji. Tuliambiwa juu ya Louise Rosenblatt, mwalimu wa Marekani, ambaye mwaka 1938 alitoa kitabu akisema maana ya kazi ya fasihi inatokea pale msomaji na maandishi yanapokutana, na baadaye akaeleza kwamba kusoma ili kubeba taarifa ni tofauti na kusoma ili kuishi ndani ya yale unayoyasoma. Tulijibu maswali ya mtihani kuhusu nadharia hiyo, tukafaulu, tukaenda shuleni kuhesabu mizani. Wala hatukuunganisha jambo hilo na yule mama wa harusini, ambaye tungeweza kumkuta Jumamosi yoyote.

Basi mimi nilianzia kwake. Kwa kuwa nakala sina, naandika shairi kwa kalamu nene kwenye manila na kulibandika ukutani. Linasomwa kwa sauti mara mbili. Mara ya pili naomba mwanafunzi alisome, na akiweza kulighani ni bora zaidi. Kisha kila mmoja anachana kipande kidogo cha karatasi na kuandika jambo moja tu: neno lililomwinua. Anakwenda mbele na kuutunza mstari wake, anakibandika pale, anarudi kukaa. Kuongea hairuhusiwi. Wavulana huanza kwa kufanya mzaha, wakicheza kama wako ukumbini, na mimi huwaacha wacheze. Wasichana huenda wawili wawili, mmoja akimsindikiza mwenzake. Ukishapita msururu wote, manila ina mistari iliyofunikwa na karatasi na mistari mitupu.

Mazungumzo huanzia hapo, na swali langu la kwanza mara nyingi ni juu ya mstari ambao haukutunzwa na mtu. Kwa nini? Ni mgumu? Unachosha? Umetujia kama kitu tulichokwisha kukisikia mara nyingi? Wakati mwingine jibu ni kwamba msamiati umewapita, na hapo kazi ya kamusi inapata sababu. Wakati mwingine mstari mtupu ndio mshairi alioujenga kwa uangalifu kuliko yote, na darasa linaanza kuona kwamba mvuto wa mara ya kwanza si kipimo pekee. Kubandika karatasi ni rahisi, lakini mwanafunzi hawezi kusema tu kwamba shairi limemgusa. Lazima aoneshe ni wapi, na kwa neno gani. Sharti hilo dogo linafanya kazi kubwa kuliko hotuba yangu yoyote kuhusu kutoa mifano kutoka kwenye matini.

Shairi ambalo limenifundisha zaidi kuhusu zoezi hili ni la zamani sana, na nililichagua nikidhani litakuwa gumu kwao. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa kisiwa cha Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utendi wa kumuusia binti yake Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na inasemekana hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Beti ni 100 na ushei, kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, na nusu kipindi inakwisha kwa kueleza maneno tu. Anaanza kwa kumwita, *negema wangu binti*, asogee karibu. Kisha anasema:

*Maradhi yamenishika*
*hatta yametimu mwaka*
*sikupata kutamka*
*neno lema kukwambia.*

Darasa la kidato cha tano lililokuwa likipiga soga lilinyamaza. Mwaka mzima mama anaumwa na hajapata nafasi ya kumwambia mwanawe neno jema. Karatasi zilijaa kwenye ubeti ule. Wengi walichagua "mwaka". Mmoja alichagua "kutamka", na alipoulizwa akasema kwamba bibi yake alipooza mdomo kabla ya kufa, na kila mtu nyumbani alibaki akijiuliza alitaka kusema nini. Sikuwa na la kuongeza.

Halafu tukafika kwenye wosia wenyewe, na utulivu ukaisha. Mwana Kupona anamwambia binti yake kwamba kiumbe anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Anamfundisha namna ya kumtunza mume: akilala asimwamshe, asikose mtu wa kumpepea, amri yake asiikatae. Wasichana walikuja juu. Mmoja alisema waziwazi kwamba kama hii ndiyo fasihi, basi yeye anarudi kwenye hesabu. Mwingine alimtetea bibi wa Siu: yule mama anakufa, anamwacha binti kwenye mji ambao mwanamke asiye na mume hana kinga, unataka amfundishe kugoma? Wavulana walifurahi sana kwa muda mfupi, mpaka tulipofika hapa:

*Mtunde kama kijana*
*asiyoyua kunena*

Mtunze kama mtoto asiyejua kusema. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima alikuwa hajanyoosha mkono, aliuliza bila kunyoosha mkono: "Sasa mwalimu, humu ndani nani mkubwa? Mtu unayemlea kama mtoto mchanga, unamwogopa wapi?" Darasa zima lilicheka. Wavulana walicheka kidogo zaidi ya walivyotaka. Nilichoona mimi ni kwamba msichana yule, kwa hasira yake binafsi, alikuwa ameigusa sehemu ambayo wahakiki wamebishania: je, Mwana Kupona anatii tu, au kuna ujanja na kicheko ndani ya utiifu wake? Hakuna pamfleti iliyompa swali lile. Lilitoka kwenye maneno mawili ya ubeti na kwenye mambo anayoyaona kwao.

Kilichofuata sikukitarajia kabisa. Kijana mmoja kutoka bara, kwao ni mbali na pwani, alikuwa amekwenda kuibandika karatasi yake pale ambapo hakuna mwingine aliyepaona: *mtu wa kumpepea*. Nilidhani anatania. Akauliza, huyu mtu ni nani? Mke mwenyewe? Wenzake wakasema ndiyo, kwani nani mwingine. Akatuonesha ubeti mwingine, pale mama anapomkataza bintiye kuchanganyika na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. "Basi nyumba hii ina watumwa," alisema. "Huyu wa kupepea anaweza kuwa mmoja wao. Katika shairi hili nyinyi mnabishana kama mngekuwa mke au mume. Mimi ningekuwa wa upepo."

Tarehe zote za biashara ya watumwa alikuwa amezisoma katika Historia, pamoja na mkataba wa 1873 uliofunga soko la Unguja. Zilikuwa za kujibia maswali. Hapa aliwakuta watu wenyewe wamesimama kimya ndani ya ubeti, wakifanya kazi, bila jina. Mjadala wa siku ile haukurudi tena kwa mke na mume. Wanafunzi wa pwani waliona aibu kidogo, wengine walijitetea, mmoja akasema babu wa babu yake anaweza kuwa alikuwa wa upepo vilevile na familia haisemi. Mwitiko binafsi ni huo. Wengi wanaogopa kwamba ukiwaachia wanafunzi waseme wanavyoona, shairi litapotea na kila mtu atabaki akizungumzia nafsi yake. Kijana huyu alizungumzia nafsi yake, na kwa kufanya hivyo alisoma shairi kwa makini kuliko sisi wote, mwalimu wake akiwemo.

Baada ya mjadala huja jibu la maandishi, na hili ndilo ninalolipenda. Mwana Hashima hatukupata kulisikia jibu lake. Niliwaambia wamjibu mama kwa niaba yake, kwa umbo lilelile la utendi: mizani minane kila mshororo, mishororo mitatu ivae kina kimoja, wa nne ufunge kwa *-ia* kama mama alivyofunga. Kikundi kimoja cha wasichana kilileta hizi:

*Waraka nimeusoma,*
*kila neno nimepima,*
*nikasita, nikahema,*
*ila swali labakia.*

*Umenipa radhi tano,*
*nimeshika kwa mkono,*
*lakini sioni neno*
*mume la kunifanyia.*

Angalieni kilichotokea kwa mizani. Katika rasimu yao ya kwanza mshororo wa tatu wa ubeti wa pili ulikuwa "lakini mama sioni neno", na walipousoma kwa sauti ulijikwaa. Wenzao waliguna kabla ya mimi kusema lolote. Wakauhesabu wenyewe kwa vidole: kumi. Wakamtoa "mama", ukakaa sawa, na zaidi ya hapo ukawa mkali, kwa sababu swali sasa halina kubembeleza. Wanafunzi haohao niliwahi kuwafundisha maana ya mizani ubaoni na wakaisahau kabla ya Ijumaa. Walipokuwa na jambo la kusema, na mtu wa kumwambia, hesabu ya silabi ikawa chombo chao.

Hapa niseme neno juu ya ngonjera, maana ukitaja kujibizana mwalimu mkuu anafurahi na kukuambia uandae ngonjera ya mahafali. Mathias Mnyampala aliyeziasisi ngonjera alizipa sura ya mabishano: mmoja hajui, mwingine anajua, wanajibizana, mwisho asiyejua anaongoka. Kwa kampeni za miaka ya Azimio la Arusha zilifaa. Lakini mabishano ambayo mshindi wake anajulikana kabla ya ubeti wa kwanza hayamfundishi mtoto kujibu. Yanamfundisha kukubali kwa vina. Ukiongeza kwamba siku hizi nusu ya ngonjera ni kumkaribisha mgeni rasmi na kumkumbusha kwamba shule haina uzio, utanielewa.

Wapo wenzangu wanaodhani ninachofanya ni kuwaambia wanafunzi kila jibu ni sahihi. Hapana. Mwaka 1929 I. A. Richards wa Cambridge alichapisha matokeo ya jaribio lake: aliwagawia wanafunzi wake mashairi bila majina ya watunzi na kuwaomba waandike walivyoyaona. Walikuwa vijana wenye elimu ya kutosha, na bado wengi hawakuelewa hata shairi linasema nini kwa maana ya kawaida kabisa, huku wengine wakitoa hisia zilizokwisha kushonwa tayari, zisizotokana na shairi lililo mbele yao. Hilo la pili nakutana nalo kila wiki. Waambie wanafunzi unataka mwitiko wao binafsi, na baada ya muda mfupi watakuandikia: shairi hili limenigusa sana kwa sababu linaelimisha jamii. Hiyo ni pamfleti iliyovaa nguo za moyoni. Mwanafunzi amegundua kwamba safari hii mwalimu anatoa alama kwa hisia, basi amekuletea hisia.

Dawa yangu ni kubana. Nani amekugusa, mke au wa upepo? Kwa neno gani? Ungekuwa wewe ndiye uliyeandikiwa, ungeusoma waraka huu mbele ya watu au ungeuficha? Na kuna majibu ninayoyakataa waziwazi. Mwanafunzi aliyesema Mwana Kupona anawatukana wanawake kwa sababu hakupenda wanawake nilimrudisha kwenye ubeti wa maradhi na kumwomba anioneshe chuki iko wapi. Hakuiona. Alibaki na hasira yake, na nina furaha alibaki nayo, lakini ilibidi aielekeze mahali pengine: kwa mji, kwa zama, kwa mume asiyesema kitu katika beti zote zile.

Jambo la mwisho ndilo zito kwangu, na halizungumzwi kwenye semina. Ukimwambia mtoto ajibu kutoka moyoni, wapo watakaofanya hivyo kweli. Shairi la mama anayeaga linawafikia mayatima. Shairi la mapenzi linamfikia msichana ambaye kuna mtu mzima anamsumbua. Nimewahi kupokea karatasi ambayo nilipoimaliza niliifunga na kwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa ushauri nasaha, na yaliyoendelea hayahusu blogu. Kwa hiyo nina kanuni, na darasa linazijua kabla hatujaanza. Karatasi tupu ni jibu halali na haipunguzi alama. Hakuna anayelazimishwa kusoma lake mbele ya wenzake. Mwanafunzi anaweza kujibu kwa mdomo wa mhusika, Mwana Hashima au mtu wa upepo, na hakuna ruhusa ya kumuuliza kama anajisema mwenyewe. Fumbo ni sitara, na washairi wetu waliijua sitara hiyo zamani. Nawaeleza pia kwamba nikisoma jambo linaloonesha mtu yuko hatarini sitanyamaza. Wakijua mpaka uko wapi, huandika kwa uhuru zaidi, jambo ambalo mwanzoni lilinishangaza.

Na mtihani? Swali hilo naulizwa na wazazi, na lina haki yake. Baraza la Mitihani halitoi alama kwa machozi. Lakini msahihishaji anataka hoja, mfano kutoka kwenye diwani na maelezo, na mwanafunzi aliyebishana juu ya ubeti kwa dakika 80 anaukumbuka ubeti huo bila kuukariri. Kwenye mtihani wa utamilifu msichana wa dawati la nyuma alijibu swali la nafasi ya mwanamke kwa kuanza hivi: nafasi ya mwanamke katika shairi inategemea nani analala na nani anapepea. Shairi lililoulizwa pale lilikuwa jingine kabisa. Msahihishaji kutoka shule ya jirani alimpa alama zote za hoja ile na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umetoa wapi?" Siwezi kuwaahidi wazazi kwamba kila mtoto atafanya hivyo. Wengine bado wanameza, na siku ya mtihani ninawatakia wameze vizuri.

Tangu nimsome Richards nimekuwa nikiondoa majina ya watunzi kwenye manila. Jina kubwa linawafanya watoto wasujudu, jina wasilolijua linawafanya wadharau. Muhula uliopita nilichomeka shairi langu mwenyewe katikati ya mengine, tarbia ya beti nne kuhusu baba anayerudi kutoka safari. Lilitunzwa kwenye ubeti wa pili tu. Ule wa nne, nilioutegemea, haukupata hata karatasi moja. Kijana wa upepo aliandika kwamba mshairi huyu anajua kuhesabu lakini anamwogopa baba yake, anazunguka tu mlango, haingii. Mwingine aliongeza kwamba kibwagizo kimepachikwa kwa sababu ya kina.

Nikawaambia ni langu. Walishtuka, wakaomba radhi, nikasema radhi sitaki, nataka jibu. Wiki iliyofuata nilileta beti mbili za kujitetea. Wamezijibu kwa tano, kwa vina vyangu, na wameuacha ubeti wa sita wazi ili niingie mlangoni.